Pua za Wakubwa

Kiswahili kimeipa pua maneno yake. Ua linanukia, mzoga unanuka. Samaki ana shombo, choo kina uvundo, yai lililokaa mpaka likaharibika ni viza. Lakini chukua kitabu chochote cha historia tulichosomeshwa shuleni: wafalme wanapigana, mikataba inatiwa saini, meli zinatia nanga, na humo ndani hakuna mtu hata mmoja anayenusa kitu. Sisi tunaojifunza kuandika habari za mji hatuwezi kuendelea hivyo. Mji una harufu, bwana. Aliyekulia uswahilini Dar es Salaam kama mimi anajua kwamba mvua za masika zikishika kasi, kabla hujaiona chemba iliyofurika umeshaisikia.

Basi nimefuatilia historia ya harufu moja tu, ile ya yai viza inayopanda kutoka kwenye majitaka, na dawa ambazo wanadamu wameimwagia kwa muda wa miaka mia mbili. Ni habari ya kemia, sikatai. Ila katika kila kisa nilichosoma nilijikuta nauliza swali lile lile: dawa hii ilimwagwa kwa ajili ya pua ya nani?

Kwanza tuielewe harufu yenyewe. Majitaka mabichi hayanuki sana kama watu wanavyodhani, yananuka yakizeeka. Ndani yake mna salfeti, chumvi ya kawaida iliyomo hata kwenye maji ya kunywa. Oksijeni ikiisha majini, kuna bakteria ambao wenyewe hawaihitaji. Wanaitumia salfeti badala yake, na wanachoacha nyuma ni salfaidi. Sehemu ya salfaidi hiyo hutoka majini ikiwa gesi, haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo yai viza lenyewe. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika sehemu bilioni moja za hewa. Sasa sikiliza ubaya wake. Ikifika kama sehemu 100 katika kila milioni, neva ya kunusia hupooza. Harufu inapotea na gesi ipo pale pale. Ikifika mamia kadhaa mtu huzimia, na ikikaribia 1,000 pumzi chache tu zinatosha kumuua. Ukiwa mbali inakupigia kelele; ukiwa umeshaingia ndani yake, inanyamaza.

Wa kwanza kuliandika jambo hili kwa kumtazama mtu, siyo kwa kutazama vitabu, alikuwa daktari wa Modena huko Italia, Bernardino Ramazzini. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi wa kila namna, na humo anaeleza jinsi choo cha nyumbani kwake kilivyokuwa kikizolewa. Alimwona mmoja wa wale wazoaji anafanya kazi kwa haraka kama anayefukuzwa, akamhurumia, akamwuliza kwa nini hapumziki. Yule bwana akamtazama kwa macho yaliyovimba, akamwambia kwamba hakuna anayeweza kukaa humo zaidi ya saa nne bila kuharibikiwa na macho. Akimaliza kazi huenda nyumbani, hujifungia katika chumba cha giza mpaka kesho yake, na huyaosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Ramazzini akachunguza zaidi, akaona sarafu za fedha na za shaba walizokuwa nazo mifukoni zimegeuka nyeusi. Kemia ya leo ingemwambia kwamba ni salfaidi iliyoungana na metali. Yeye hakuwa na neno hilo. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliieleza gesi hiyo baadaye sana, mwaka 1777. Lakini Ramazzini alikuwa ameuliza swali kwa mtu sahihi, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko wengi waliomfuata.

Dawa yenyewe ilitoka kwa watengeneza nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1780 Mfaransa Claude Berthollet alionyesha kuwa klorini inaweza kung'arisha vitambaa, na mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland alipata hati ya ubunifu kwa unga uliotokana na kupitisha klorini kwenye chokaa. Tuuite chokaa ya klorini. Ni ndugu wa maji ya Jik tunayofulia mashuka. Kazi yake ilikuwa kufanya shati liwe jeupe, basi. Aliyegundua kwamba inaua na uvundo ni mfamasia wa Paris, Antoine-Germain Labarraque, katika miaka ya 1820. Kulikuwa na karakana za kusafisha matumbo ya wanyama, ambako uvundo ulikuwa wa kutapisha, na tuzo ilitangazwa kwa atakayepata njia ya kuufanyia kazi uvumilike. Labarraque akashinda kwa maji yake ya klorini. Halafu Septemba 1824 mfalme Louis XVIII akafariki, mwili wake umekwishaanza kuoza kwa donda ndugu, hakuna anayeweza kukaribia. Nani akaitwa? Labarraque huyo huyo, na dawa yake ile ile ya matumbo. Kwa mara moja pua ya mtumwagaji wa karakana na pua ya mwana wa mfalme zilituzwa kwa chupa moja. Jambo hilo halikutokea mara nyingi tena.

Kwa nini klorini inafaulu? Salfaidi ina njaa ya oksijeni, na klorini inailazimisha igeuke, iwe salfa ya kawaida au irudi kuwa salfeti. Harufu inakwisha kweli, haifunikwi kama manukato yanavyoifunika. Lakini watu wa karne ile hawakuwa wakifikiria hivyo. Wao waliamini kwamba uvundo ndio ugonjwa. Hewa iliyooza, waliyoiita miasma, ndiyo ilidhaniwa kuleta kipindupindu, homa na mengineyo. Ukiondoa harufu, umeondoa kifo. Imani hiyo haikuwa ya wajinga. Daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaagiza madaktari wake mwaka 1847 wanawe mikono kwa chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na aliichagua kwa kuwa iliondoa harufu ya maiti waliokuwa wakiwapasua. Vifo vya wazazi katika wodi yake vikashuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili hadi kama asilimia 2 mwezi Juni. Alifuata pua, na pua ikamfikisha kwenye ukweli.

London nayo ilifuata pua. Tuone ilimfikisha wapi.

Mtu mwenye nguvu katika mambo ya afya Uingereza siku hizo alikuwa Edwin Chadwick. Mwaka 1846 aliieleza kamati ya Bunge kwamba harufu yote ikiwa kali ni ugonjwa wenyewe. Kwa mantiki hiyo, mashimo ya vyoo chini ya nyumba yalikuwa makaburi yaliyo wazi, na dawa yake ilikuwa kuyaondoa, kila kinyesi kisukumwe na maji kiingie kwenye mifereji, na mifereji iingie mto Thames. Kuanzia 1848 kazi hiyo ikaanza kwa bidii. Nyumba zikanukia vizuri zaidi. Mto, ambao makampuni ya maji yalikuwa yakichota maji ya kunywa ya watu zaidi ya milioni mbili, ukageuka choo. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 London. Cha 1853 na 1854 zaidi ya 10,000. Huyu Chadwick hakuwa mtu mbaya, wala mvivu. Alikuwa na pua kali na wazo moja.

Alikuwapo mtu aliyekuwa akisema vingine. Daktari John Snow aliandika tangu 1849 kwamba kipindupindu kinanywewa, hakinuswi. Mwaka 1854 alipiga hesabu ya waliokufa kuzunguka pampu ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukang'olewa. Wakubwa wakamsikiliza nusu nusu. Mwanasayansi mashuhuri Michael Faraday naye, Julai 1855, alipanda boti mtoni, akawa anachana kadi nyeupe na kutumbukiza vipande majini. Vilipotea machoni kabla havijazama hata inchi moja. Akaandika barua gazetini. Mwaka huo huo ikaundwa bodi ya kazi za jiji, na mhandisi wake mkuu, Joseph Bazalgette, akachora mpango wa mifereji mikubwa ya kukinga majitaka kabla hayajafika mtoni. Mpango ukapelekwa, ukarudishwa, ukapelekwa tena, ukarudishwa. Fedha hakuna. Kila mwenye kusikia habari za ofisi zetu ataielewa lugha hiyo.

Kisha likaja joto la Juni 1858.

Mto ukapungua, kinyesi kikabaki kandoni kikichemka juani. Na jengo jipya la Bunge lilikuwa limejengwa wapi? Kando ya mto, madirisha yanatazama maji. Hapo ndipo historia ya dawa yetu inapofika kwenye kilele chake, na kwenye kichekesho chake. Mapazia ya Bunge yakaloweshwa chokaa ya klorini. Goldsworthy Gurney, aliyesimamia hewa ndani ya jengo, akamwarifu Spika kwamba hawezi tena kuwajibika kwa afya ya wabunge. Waziri wa fedha, Benjamin Disraeli, alionekana akitoka mbio katika chumba cha kamati, makaratasi mkono mmoja, hanchifu imezibwa puani kwa mkono wa pili. Malkia Victoria na mumewe walijaribu kutembea mtoni kwa boti, wakageuza baada ya dakika chache.

Serikali ikaamuru chokaa imwagwe. Tani kati ya 200 na 250 zilimwagwa karibu na midomo ya mifereji, na wanaume wakaajiriwa kuitandaza kwenye tope maji yanapokupwa. Gharama ilikuwa pauni 1,500 kwa wiki. Je, ilisaidia? Kwa kemia, kidogo. Chokaa hupandisha ukali wa magadi katika maji, na salfaidi ikiwa ndani ya maji ya namna hiyo haitoki kirahisi kuwa gesi, hubaki imeyeyuka. Haijaondoka. Maji yakichanganyika na mengine, ukali ukishuka, inatoka. Tena mto wa Thames unajaa na kupwa kama bahari, unapeleka uchafu na kuurudisha mara mbili kwa siku. Ukitia chokaa leo, kesho inatakiwa nyingine. Kwa maoni yangu fedha ile ilinunua muda tu, na aliyenunuliwa muda ni mbunge. Wale wa kutandaza chokaa kwa koleo hatuna majina yao, na sijaona popote mtu aliyewauliza habari za macho yao kama Ramazzini alivyomwuliza yule wa kwake.

Lakini hapa pana jambo la kutazama kwa makini, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Sheria iliyokuwa imekwama kwa miaka ikapita kwa siku 18. Agosti 2, 1858 Bazalgette alikuwa na idhini na pauni milioni 3. Vifo vya watu 14,000 havikufanya hivyo, wala hesabu za Snow, wala barua ya Faraday. Uvundo ulipopanda ngazi za Bunge ndipo kalamu ikaonekana. Na mwaka ule, pamoja na uvundo wote, kipindupindu hakikuja. Daktari William Budd wa Bristol alilishika jambo hilo: kama harufu ndiyo ugonjwa, mbona London yote imenuka vile na homa hazikuongezeka? Lilikuwa pigo kwa imani ya miasma, limepigwa na mto wenyewe. John Snow hakuliona. Alifariki Juni 16, 1858, katikati ya wiki zile zile za uvundo, akiwa na miaka 45.

Bazalgette alijenga kweli. Mifereji mikuu ya matofali, maili 82, na vituo vya pampu vya kifahari. Kituo cha Crossness kilifunguliwa Aprili 1865, na zile injini nne kubwa za mvuke za kusukumia kinyesi zilipewa majina ya Malkia, mumewe, mtoto wao na mkwewe. (Sijui nani alipendekeza, ila ningependa kuwa kwenye kikao hicho.) Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, na kikachinja watu zaidi ya 5,000, wengi wao katika East End, mashariki ya mji, sehemu ambayo mfumo ulikuwa bado haujakamilika. Sehemu ya maskini, naam. Mpaka hapo hata waumini wa miasma walianza kukubali kwamba Snow alikuwa sahihi.

Na ule uvundo? Haukuuawa. Ulihamishwa. Mifereji ilimwaga kila kitu kikiwa kibichi huko Barking na Crossness, mashariki, mbali na madirisha ya Bunge. Watu wa Barking wakalalamika, uchunguzi ukafanyika, mambo yakabaki yalivyo. Septemba 3, 1878, jioni, meli ya abiria Princess Alice, imejaa familia zinazotoka matembezini, iligongana na meli ya makaa karibu na Woolwich, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 600 wakafa. Saa moja hivi kabla ya hapo majitaka ya mji mzima yalikuwa yamefunguliwa kuingia mtoni pale pale. Walionusurika walieleza ladha na uvundo wa maji yale, na maiti zilitolewa zimepakwa utelezi. Baada ya hapo ndipo tume ikaundwa, na dawa zikarudi.

Safari hii dawa zilikuwa mikononi mwa mkemia, William Joseph Dibdin. Katika majira ya joto ya miaka ya 1880 alitia majini chumvi za manganizi, jamii ya ile pemanganeti ya zambarau tuliyoiona maabara, ambayo huigawia salfaidi oksijeni na kuinyamazisha. Kwa kudumu ilijengwa mitambo ya kutia chokaa kidogo na salfeti ya chuma. Chuma kina ujanja wake: hukamatana na salfaidi na kuwa unga mweusi usionuka, ukazama na tope. Tope likapakiwa melini na kumwagwa baharini, kuanzia 1887. Meli ya kwanza ya kinyesi ilipewa jina Bazalgette. Na desturi hiyo ya kumwaga baharini haikukoma mpaka mwaka 1998, mimi na wewe tumeshazaliwa au tunakaribia.

Dibdin alikuwa na wazo ambalo wakubwa wake hawakulipenda. Alisema chokaa nyingi huwaua wale vijidudu ambao ndio wasafishaji, na uozo unaahirishwa tu uende ukaanze chini ya mto. Alitaka tutenganishe tope kwanza, halafu vijidudu vipewe nafasi na hewa wafanye kazi. Mwaka 1887 maneno hayo yalikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa kidogo. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walionyesha jinsi ya kuyapulizia majitaka hewa na kutunza tope lenye vijidudu hai, na mpaka leo mitambo mingi duniani inaendeshwa hivyo.

Uingereza sasa tuiache, maana sura inayofuata iliandikwa kwenye joto, na salfaidi inapenda joto. Mji wa Los Angeles ulijenga bomba refu la kwenda baharini miaka ya 1890. Maji yanakwenda polepole, njia ndefu, jua kali. Kufikia mwaka 1900 wahandisi walikuwa wameona kitu kisichoelezeka: bomba linaliwa, siyo chini ambako majitaka yanapita, bali juu, darini, mahali ambapo maji hayafiki kabisa. Saruji inageuka ujiuji, inakwanguka kwa kucha.

Jibu lilichukua miaka mingi. Mwaka 1945 mtafiti C. D. Parker wa Melbourne, Australia, alieleza bakteria wanaoishi kwenye unyevunyevu wa dari ya bomba. Gesi inapanda, wao wanaila na kuigeuza tindikali ya salfuriki, ile ile ya betri ya gari. Tindikali inakula zege na kuacha jasi laini. Huko California, mkemia Richard Pomeroy na mwenzake Fred Bowlus walitoa ripoti yao mwaka 1946. Waliyoyakuta yalibadilisha namna ya kutumia dawa: salfaidi haitengenezwi sana ndani ya maji yanayopita, inatengenezwa kwenye utelezi uliogandamana na kuta za bomba chini ya maji. Kwa hiyo swali likawa utelezi uko wapi, bomba linapata hewa wapi, maji yanakwenda kwa kasi gani. Dawa ikaanza kwenda kwenye chanzo. Dozi kali ya soda ya kostiki kwa muda mfupi ili kuuchoma utelezi. Chumvi za chuma za kuikamata salfaidi njiani. Baadaye haidrojeni peroksaidi, ile ya saluni, na naitreti, jamii ya mbolea, ambayo bakteria huipenda kuliko salfeti na hivyo huacha kutengeneza salfaidi kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo niipendayo mimi. Humpigi adui, unampa chakula kingine.

Ona lakini jinsi mambo yanavyozunguka. Kuanzia miaka ya 1970 Marekani ilivibana viwanda viache kumwaga metali zenye sumu kwenye mabomba. Sheria nzuri kabisa. Katika wilaya ya Los Angeles salfaidi ikapanda na mabomba yakaanza kuliwa kwa kasi, kwa kuwa metali zile zilikuwa zikiwapunguza nguvu bakteria na kuikamata salfaidi bila mtu kujua. Na mwaka 2014 watafiti wa Queensland, Australia, waliandika katika jarida la Science kwamba karibu nusu ya salfeti kwenye majitaka ya eneo lao ilitokana na shabu inayotiwa kwenye maji ya kunywa ili yatakate. Shabu! Ile ile ambayo mama zetu huizungusha kwenye ndoo ya maji ya mto. Ni salfeti ya alumini. Unaitia mwanzoni maji yawe meupe, inatoka mwishoni inanuka yai viza, unatia dawa nyingine kuiondoa. Watafiti wale walishauri badili shabu kwa kitu kisicho na salfeti, huko huko kwenye mtambo wa maji safi, na gharama ya dawa za majitaka itapungua.

Haya ni ya miji yenye mabomba. Dar es Salaam mpaka sasa wengi wetu tunatumia shimo, na shimo likijaa na gari haliwezi kupita kichochoroni, wanaitwa vyura. Ndivyo tunavyowaita wale wanaume wanaoshuka shimoni kwa ndoo na koleo, usiku. Kitu cha kwanza wanachodai kwa mwenye nyumba ni mafuta ya taa. Wanamwaga humo kabla ya kuanza, na majirani wanashukuru kwa kuwa uvundo unapungua. Ukweli wa kemia ni kwamba mafuta ya taa hayaikamati salfaidi wala hayaigeuzi kuwa kitu kingine. Yanaweka harufu yake juu ya harufu ile. Mwenye nyumba aliye dirishani ananusa mafuta. Aliye shimoni ameondolewa kengele pekee aliyokuwa nayo, na akianza kulikoroga tope kwa koleo ndipo gesi iliyofungwa chini inapoachiliwa.

Mwaka juzi walikuja nyumba ya jirani yetu. Nilimwuliza aliyekuwa mkubwa wao, mzee wa miaka kama hamsini, macho mekundu, mafuta ya taa wanayamwaga kwa nini. Akacheka. "Hayo ni ya mwenye nyumba, kijana. Sisi huwa tunayatia kidogo tu, ili tuendelee kuisikia." Nikamwuliza, na ikiacha kusikika? Akasema hapo kazi hakuna, mtu anavutwa juu kwa kamba, na kamba huwa imefungwa kiunoni kabla hajashuka. Halafu akaniomba maji ya kunawa, yawe ya uvuguvugu kama yapo.